Tulisema ni jini mahaba, kumbe ni prolaktini

Wanangu, leo hakuna kicheko. Wale mmezoea kuja hapa kwa vituko vya makanga na mama mkwe, kaeni kidogo, someni mpaka mwisho, halafu mkitaka kuniacha mniache.

Dadangu amenipa ruhusa ya kuandika haya. Alinipa masharti matatu: jina lake lisitajwe, picha yake isionekane. La tatu nitalisema mwisho.

Wengi wenu mlinijua kupitia ile klipu ya jini mahaba. Nilijifunga leso ya mama, nikajipaka wanja, nikaigiza jini mwenye wivu anayemfukuza bwana harusi kitandani. Watu zaidi ya laki mbili waliitazama. Ndiyo iliyonipa tangazo langu la kwanza la kulipwa, na ndiyo iliyonifanya nijione kwamba kuacha chuo haikuwa hasara. Kitu ambacho hamkujua ni kwamba ile stori sikuitunga. Niliitoa kwetu nyumbani, Mwakirunge, kwenye chumba cha pili mkono wa kushoto, mahali dadangu alikuwa analala na mlango umefungwa.

Kwa wasiopajua, Mwakirunge ni huku bara, Kisauni, ukitoka Bamburi unaingia ndani. Ndiko lori za taka za mji zinakuja kumwaga. Ukimwambia mtu unatoka Mwakirunge swali la kwanza ni kama unaishi jaani. Lakini pia kuna mashamba, kuna mikorosho, kuna minazi ambayo babu zetu walipanda, na kuna watu wanaojuana mpaka rangi ya kandambili. Hapo kwa kujuana ndipo shida ilianzia.

Dadangu aliolewa akiwa na miaka 22. Mwaka wa kwanza hakuna mimba, watu wakasema subira. Mwaka wa pili hedhi yake ikaanza kuruka, mwezi huu ipo, miezi mitatu haipo, mwisho ikakatika kabisa. Mara ya kwanza alifurahi akidhani ndiyo hiyo mimba. Akapima, hakuna kitu. Akapima tena, hakuna.

Kisha ikaja harusi ya binamu yetu. Dadangu amekaa na wamama wenzake, amevaa dera la rangi ya maji ya bahari, na mtoto wa mtu akaanza kulia pale karibu. Dera likalowa kifuani. Sehemu mbili. Maziwa.

Mwanamke hana mtoto, hajawahi kubeba mimba, na anatoka maziwa. Kabla pilau haijapakuliwa hukumu zilikuwa mbili. Wengine walisema alizaa kwa siri akatupa. Wengine, wale waliojiona wana huruma, walisema ana jini mahaba: amezaa naye huko kwao majinini na usiku anamnyonyesha mtoto ambaye sisi hatumuoni. Wiki tatu baadaye shemeji alimrudisha kwa mama na begi moja. Hakuwa na kelele. Alisema tu, "Mama, mtibuni kwanza, akipona nitakuja kumchukua."

Mama akamtibu vile alivyojua. Walienda kwa mganga mmoja, wakaenda kwa wa pili. Ngoma ya kupunga pepo inataka mbuzi, inataka kitambaa, inataka kulisha watu. Mama akaweka minazi rehani. Kama wewe si wa huku, nikueleze: minazi ikiwa rehani, nazi zote na tembo lote ni la yule aliyetoa pesa, mpaka umrudishie pesa yake. Na ile minazi ndiyo ilikuwa karo yangu. Nilikuwa mwaka wa pili. Muhula ukaisha nina deni, muhula uliofuata sikurudi.

Nitasema ukweli. Nilimchukia dadangu. Nilikuwa nakaa kwa kiti nje, nina simu mkononi, sina chuo, sina kazi, namsikia akijisogeza ndani, na moyoni nasema huyu na jini lake ndio wamenila. Hiyo hasira ndiyo niliivalisha leso na wanja nikaiposti. Aliiona. Rafiki yake alimtumia na vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Hakunisema kitu. Alikuja jioni akaniletea chai na mahamri kama kawaida, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Sasa sikizeni vile ukweli ulijulikana, kwa sababu haukujulikana kwa kutafuta mimba.

Siku moja anavuka barabara pale Bamburi Mtambo, tuktuk ikamkosa kwa kidole. Dereva akamtukana, "We mama huoni?" Na kweli alikuwa haoni. Mbele aliona vizuri, lakini vitu vya pembeni, kulia na kushoto, vilikuwa vimefifia pole pole mpaka akazoea. Kichwa nacho kilikuwa kinamuuma kila siku, sisi tukisema ni mawazo. Akaenda kwa daktari wa macho akidhani atapewa miwani.

Daktari alimwambia aangalie pua yake, akanyoosha mikono pande mbili akawa anachezesha vidole. Dadangu hakuviona. Daktari akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameuliza kwa miaka mitatu: "Dada, hedhi yako iko sawa? Na je, unatoka maziwa?" Dadangu anasema alilia kabla ya kujibu.

Tulikuwa tushapita zahanati mbili kabla ya hapo. Moja walimpa vidonge vya kurudisha hedhi bila kumpima damu. Ya pili walimwambia apunguze mawazo. Kwa hivyo msije hapa kuwacheka waganga peke yao. Mganga angalau alimuuliza analala vipi.

Akapimwa damu. Kipimo kinaitwa prolaktini. Kwa mwanamke ambaye hana mimba na hanyonyeshi, kawaida haifai kupita kama nanogramu 25 kwa mililita. Yake ilikuwa mamia. Akapelekwa MRI, na kwenye picha ikaonekana: uvimbe kwenye pituitari, umepanda juu mpaka unagusa pale mishipa ya macho inapokutana. Si saratani. Ni uvimbe unaotengeneza prolaktini usiku na mchana bila kuulizwa.

Pituitari ni tezi saizi ya punje moja ya mbaazi, zile tunakula na mahamri. Iko chini ya ubongo, nyuma kabisa ya pua, imekaa kwenye kikalio chake cha mfupa. Udogo wake usikudanganye. Mambo mengi ya uzazi yanapita hapo. Nitawaeleza vile daktari wake alinieleza, ila mimi nitatumia matatu.

Chukulia matatu ya kwetu. Makanga akigonga bodi, dereva anaondoka. Huko kichwani kuna sehemu ya ubongo inaitwa haipothalamasi, huyo ndiye makanga. Anagonga kwa mapigo, kila baada ya muda. Pituitari ndiyo dereva. Ikisikia ile hodi inatoa homoni mbili, FSH na LH. FSH inakuza vifuko vya mayai kwenye ovari. LH inapopanda kwa ghafla katikati ya mzunguko, yai linatoka. Bila hizo mbili hakuna yai, na bila yai hakuna mimba, hata mpendane vipi.

Prolaktini inatoka hapo hapo kwenye pituitari. Kazi yake kubwa ni maziwa. Lakini ikizidi, inamshika makanga mkono. Hagongi tena vizuri, dereva anakaa tu, FSH na LH zinashuka, ovari zinalala, hedhi inakatika. Kwa kawaida ubongo wenyewe unaizuia prolaktini kwa kutumia dopamini. Uvimbe ukishakuwa mkubwa, kile kizuizi hakitoshi tena.

Na huyu mwenye kumshika makanga mkono si adui. Mama akinyonyesha, kila mtoto anapovuta, prolaktini inapanda, na mayai yanachelewa kurudi. Ndiyo maana bibi yangu alikuwa anasema mtoto anayenyonya vizuri anamzuia mdogo wake njiani. Bibi hakusoma lakini alikuwa na hesabu yake. Ila kuna masharti, hasa nyinyi mnaopata watoto mapema: mtoto awe hajafika miezi sita, awe ananyonya tu bila uji wala maziwa ya pakiti, mchana na usiku, na hedhi iwe haijarudi. Yote matatu yakiwepo, wanaoshika mimba hawafiki 2 kwa 100. Likikosekana moja, usijidanganye, nenda kliniki upate njia nyingine.

Kwa hivyo ukiangalia vizuri, mwili wa dadangu kwa miaka mitatu ulikuwa umeambiwa kwamba una mtoto anayenyonya. Ulitoa maziwa. Ulizuia mimba nyingine ili huyo mtoto ashibe. Ulifanya kila kitu sawa sawa kama ulivyoumbwa. Mtoto tu ndiye hakuwepo. Wale wamama wa harusini kuhusu maziwa walikuwa na macho mazuri. Walichokosea ni nani aliyeyaleta.

Kuna kitu kingine kilinishangaza nikisoma. Mnakumbuka nilifuga njiwa? Wakati wa shule ya msingi nilikuwa nao kumi na nne kwenye banda la mabati. Njiwa akiangua, siku za kwanza hawapi makinda mtama. Anawatapikia kitu kama jibini kutoka kifuko cha shingoni. Hayo ni maziwa ya njiwa, na yanaletwa na prolaktini hii hii. Wanasayansi wa Marekani wakiongozwa na Oscar Riddle waliipa jina hilo miaka ya 1930, na walikuwa wanaipima kwa kuangalia vifuko vya njiwa vinavyonenepa. Kwa binadamu ilichelewa sana. Mpaka karibu mwaka 1970 wataalamu wengi walidhani binadamu hana prolaktini yake mwenyewe, kazi hiyo inafanywa na homoni ya kukua. Yaani mama yangu alikuwa ashazaliwa na madaktari wakubwa wa dunia bado hawajakubaliana kwamba hiki kitu kipo. Nilipojua hivyo hasira yangu kwa mama ilipungua. Kama wao walichelewa na maabara zao zote, mama na minazi yake angejulia wapi?

Na kwenye njiwa, dume naye anatoa yale maziwa. Hapa ndipo nataka maboi waamke.

Prolaktini wanaume pia tunayo. Ikizidi, makanga wetu naye anashikwa mkono: testosteroni inashuka, hamu inapotea, nguvu za kiume zinayumba, na mbegu zinaweza kupungua. FSH na LH si za wanawake peke yao. Kwetu sisi ndizo zinazoziambia korodani zitengeneze mbegu na testosteroni. Na sababu sisi hatuna hedhi ya kutuonyesha kwamba kuna kitu kimesimama, mwanamume anakaa na uvimbe mpaka unakuwa mkubwa, akinunua dawa za nguvu pale steji.

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba karibu mtu mmoja kati ya sita atapitia tatizo la kukosa uzazi maishani mwake. Mmoja kati ya sita. Na katika ndoa zinazokosa mtoto, karibu nusu kuna tatizo upande wa mwanamume, peke yake au pamoja na mkewe. Shemeji yangu hakupimwa hata siku moja. Hakuna aliyemwambia. Hakuna aliyemvisha kitambaa chekundu wala kumpigia ngoma. Alirudisha mke kama mtu anayerudisha simu dukani, na mtaa mzima tukaona ni sawa.

Dawa yenyewe ndiyo itawauma. Uvimbe wa aina hii, mara nyingi hata kisu hautaki. Daktari alimpa kabegolini. Alianza na nusu tembe, mara mbili kwa wiki. Hii dawa inafanya kazi ya dopamini: inaishusha prolaktini na uvimbe unanywea. Siku za kwanza alikuwa na kichefuchefu na kizunguzungu, akiinuka haraka anashika ukuta. Baada ya wiki kadhaa maziwa yakakatika. Macho ya pembeni yakaanza kurudi. Siku moja aliniona nikipita na sahani ya viazi bila kugeuza kichwa, akapiga kelele mpaka nikaidondosha.

Mwezi wa tano, asubuhi, nikasikia mama anapiga vigelegele ndani. Nikakimbia nikidhani kuna mgeni. Kumbe dadangu ameona siku zake. Mimi sijawahi kusikia nyumba ikipigiwa vigelegele kwa sababu ya hedhi. Nilirudi nje nikakaa kwa kile kiti changu, nikafuta ile klipu.

Najua wengine mtauliza kwa nini nilifuta na ilikuwa inaingiza pesa. Kwa sababu kwenye komenti zake kuna wasichana zaidi ya mmoja walioandika, "Hii ni kama yangu," na mimi niliwajibu kwa kikatuni cha kucheka. Ninawaza kama kuna mmoja bado amekaa kwenye chumba cha kushoto mahali fulani, Likoni ama Changamwe, anasubiri mbuzi wa kununuliwa.

Kwa hivyo kama ni wewe, nisikize. Mimi si daktari, chuo niliacha mwaka wa pili na kozi yenyewe ilikuwa ya biashara. Lakini hizi ni dalili za kupeleka hospitali: hedhi imekatika miezi mitatu na huna mimba, maziwa yanatoka na hunyonyeshi, kichwa kinauma kila siku, macho ya pembeni yanafifia. Kwa maboi, hamu imepotea na haurudi, ama matiti yanavimba. Omba upimwe prolaktini, ni damu ya mkono tu. Kipimo kimoja kikiwa juu kidogo usiogope, hata hofu ya sindano inaweza kuipandisha, watakipima tena umetulia. Na uvimbe si sababu pekee. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kidogo inaweza kuipandisha. Dawa zingine pia: metoklopramaidi, ile ya kuzuia kutapika, na dawa kadhaa za magonjwa ya akili kama haloperidoli na risperidoni. Kama unatumia hizo, usiziache mwenyewe. Mwambie daktari, yeye ndiye atajua abadilishe nini.

Mama bado hajaachana na jini kabisa. Nilimchorea pituitari kwenye karatasi, nikamwonyesha pale nyuma ya pua. Akaitazama, akatikisa kichwa, akasema, "Baba, basi huyo jini alikuwa amejificha pabaya." Sikubishana. Anamkumbusha dadangu vidonge vyake kila Jumatatu na Alhamisi bila kukosa, na hilo ndilo ninalolitaka mimi. Minazi tumeikomboa nusu. Pesa ya tangazo la ile klipu imeingia huko yote.

Sasa lile sharti la tatu.

Nilipomwambia dadangu nataka kuandika, nilikuwa nishapanga mwisho wangu kichwani. Nilitaka niwaambie kwamba alirudi kwa mumewe, akashika mimba, akazaa mapacha. Nilimuuliza kabisa kama tunaweza kungoja, ili stori iishe vizuri. Alikuwa anakuna nazi. Hakuinua kichwa.

"Waandikie kwamba sijazaa," alisema. "Shemeji yako alikuja kunichukua, nikamwambia apimwe kwanza. Hajarudi. Waandikie kwamba sina mtoto na kichwa hakiniumi. Ukiweka mtoto hapo mwisho, yule ambaye hatapata ataona mimi nilipona na yeye hakupona."

Nimeandika, dada. Nisamehe kwa ile nyingine.